Korongo Liko Kushoto

Katikati ya mlima, tairi la nyuma liliteleza kwenye changarawe, na pikipiki ndogo ya porini ikaanza kurudi nyuma kuelekea korongoni.

"Iache, dada! Ruka!" kaka yake Lorna alimpigia kelele kutoka chini. "Umeshakuwa bibi, wewe!"

Lorna hakuwa amepanda pikipiki tangu usichana wake, alipozurura nayo kwenye misonobari hii hii ya Idaho, Marekani. Akabana breki, akakita buti kwenye jiwe, akainama mpaka kidevu kikakaribia usukani, kisha akavuta mafuta taratibu.

Tairi likashika.

Kaka yake alisikia injini ikizimika kileleni, halafu kilio. Akapanda mbio. Alimkuta amekaa chini, machozi yakimtoka kwa kucheka.

"Umeumia?"

"Nipishe," Lorna akasema, akivaa kofia yake ngumu ya pikipiki. "Narudia."