Jina la Kumwita Talaso

"Basi sema hili kovu ni la nini!" Rafiki yangu Talaso alikuwa amepandisha shati, katikati ya jangwa la Chalbi.

"La kidole tumbo. Shusha shati, tutembee."

"Kidole tumbo hakikatwi hapa chini, Mama Kioko. Tumesoma chuo kimoja, usinifanye mjinga."

Tulikuwa tumeacha gari barabarani, tukipanda vilima vya mchanga kama kila mwaka. Baada ya mazishi ya mwanawe, Talaso alikuwa hali, halali. Hospitali wakamfuta kumbukumbu za msiba, na mtoto akafutika pamoja nao. Sheria iko wazi: ukimkumbusha mtu aliyefutwa, mnatenganishwa maisha.

Akaketi mchangani.

"Wanawake wote wa rika letu ni mama fulani. Mimi tu ndiye Talaso. Kila jioni najikuta nimepakua sahani mbili, na sijui ya pili ni ya nani. Nilipoteza nini, mwenzangu?"

Nilijua tukirudi mjini hatutaruhusiwa hata kusalimiana. Nikaketi kando yake, nikamshika mikono yote miwili.

"Mama Guyo," nikamwita.