Darasa Lililofichwa Stoo

Zamani wanyama walipoanza kujenga shule, Mwalimu Nguchiro alikuwa na digrii ndefu kuliko mkia wake na kazi ya kujitolea, yaani chaki bila mshahara. Fuko, mtoto asiyeona, alipoletwa darasani kwake, mwalimu mkuu Korongo alinyoosha shingo.

"Huyu atatushushia wastani. Apelekwe shule maalumu."

"Iko wapi, Mkuu?"

"Ng'ambo ya milima. Hilo halituhusu, fulstopu."

Nguchiro alirudi darasani. Alichimba herufi kwa kucha kwenye vigae vya udongo mbichi, akavianika, na darasa zima likajifunza kusoma kwa vidole pamoja na Fuko.

Asubuhi ya ukaguzi Korongo alimjia mbio. "Mfiche stoo. Akionekana, wewe na yeye bai bai."

"Sawa, Mkuu," akasema Nguchiro. Akaingia stoo na Fuko, na darasa zima likawafuata.

Sasa, mkaguzi alikuwa Bundi. Mwanga wa madirisha ulimchoma macho, akapita madarasa yote akipepesa tu. "Jamani, hamna chumba chenye giza?"

Akafuata giza mpaka stoo, na ndani alikuta watoto thelathini wakisoma gizani, Fuko akiwaongoza. Bundi alisikiliza mpaka kengele ikalia.

"Nani kabuni hili?"

Korongo akakohoa. "Ni sera yetu, mheshimiwa."

"Vizuri. Nisomee mstari mmoja."

Korongo alikigeuza kigae, akakigeuza tena. Fuko akamshika ubawa taratibu.

"Kaa hapa kwangu, Mkuu. Tunaanza na herufi a."