Mafuta ya Kuzuia Kutu

"Lete mikono," alisema Usumani, kabla mkewe hajavua viatu.

Kaze akampa. Usumani akaivuta hadi puani, akainusa. Mafuta mazito, yale ya kuzuia kutu. Akatulia kidogo, lakini mvua ilipoanza tena kupiga bati, maswali yakarudi. Alifuta maji kwenye mashine kwanza? Alipaka na kule chini, unyevu unakojificha? Hakushika chuma kwa vidole vyenye jasho?

Kaze aliitikia kila swali.

Tangu apofuke, Usumani hakuwa na raha nyumbani kwao Biryogo. Alizunguka chumbani akipapasa kuta. Macho yalipasuliwa mara mbili, kwa fedha alizotafuta Kaze, hayakupona. Mashine yake ya kuchongea vyuma, iliyomlisha tangu ujana, ilibaki karakana kule Kimisagara, bondeni, ambako masika hula chuma upesi. Ufunguo alikuwa nao fundi mwenzake, Mugenzi.

Asubuhi moja alisema, "Leo nipeleke nikaishike mwenyewe."

Kaze akasema kuna matope. Akasema Mugenzi ana kazi nyingi. Usumani alikuwa ameshavaa kofia yake, amesimama mlangoni.

Ndani ya teksi Kaze alimwandikia Mugenzi ujumbe kwenye simu, akafuta, akaandika tena.

Walipofika, karakana ilikuwa kimya. Mugenzi alimpa Usumani mkono, akamsalimu, akamwongoza hadi kwenye mashine.

Kiganja cha Usumani kikapita juu ya chuma taratibu, kikashuka hadi kwenye pembe za chini. Hapakuwa na ukwaruzo popote. Utando mwembamba wa mafuta ulikuwa umeenea kote, na chuma chenyewe kilikuwa na joto, kama cha mashine iliyozimwa sasa hivi. Kiganja kikasimama hapo kwa muda. Kaze alimtazama uso.

"Iko sawa, Baba Kaliza?"

"Iko sawa. Hakuna kutu. Umefanya kazi, Mama Kaliza."

Kaze akageukia ukutani, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Usumani akamwomba amnunulie chai kwa jirani.

Akasikiliza nyayo zake mpaka zikapotea, ndipo akamsogelea Mugenzi.

"Mashine yako unaitunza vizuri, ndugu yangu," akanong'ona. "Ila mke wangu asijue kwamba najua yangu iliuzwa."