Mlio wa Kikombe

Paka alikaa juu ya jiwe korongoni, ukuta mwekundu wa mwamba ukiwaka kwa jua la asubuhi mbele yake, akampa Ruweida mgongo. Ruweida alipiga magoti na simu yake, akitaka kumpiga picha ya uso, akamwita mpaka koo likakauka.

"Nilikuambia," mama yake akasema. "Paka si mbuzi wa kutembezwa."

Kisha akashika kikombe cha chai, akakigonga kwa pete, vile hufanya kila jioni akimaliza kukamua, kumwita paka kwenye maziwa.

Masikio yakasimama. Paka akageuka, sharubu zimeshika mwanga.

"Mama, nimempata! Ona!"

Mama, ambaye miaka yote alikataa kupigwa picha, aliitazama ile picha. Halafu akatengeneza mtandio, akaenda kuketi kando ya lile jiwe.

"Haya. Sasa tupige sisi wawili."