Mbele ya Geti la Kaka

Gari la marehemu baba lilisimama ghafla, kofia ya mwalimu ikaruka ikagonga kioo cha mbele, na mkewe aliyeketi kando yake akashusha pumzi.

Asubuhi hiyo fundi alikuwa ameondoa breki za ngoma, zilizofungwa tangu ujana wa baba, akaweka za diski. "Hizi ukizigusa tu, zinashika," alionya. Mwalimu alielewa, mguu wake haukuelewa. Kwa miaka mingi, ili gari lisimame nyumbani, mguu huo ulikuwa ukianza kukandamiza breki hizo chakavu kwa nguvu zote penye geti la kaka yake, nyumba kadhaa kabla ya kwake.

Na hapo ndipo waliposimama.

Kaka alikuwa nje akimwagilia maua. Hawakuwa wamesemezana tangu mwalimu, mdogo wake, arithi gari. Sasa maji yalimwagika viatuni mwake, naye hana habari.

"Hatimaye!" alisema. "Nilijua ipo siku utasimama, mdogo wangu."

Mwalimu alifungua kinywa aeleze habari za diski. Mkewe akamfinya paja.

"Shemeji," mke alisema, mguu mmoja tayari nje, "njia nzima alikuwa anakutaja wewe tu."

Kaka akalipapasa boneti kama mgongo wa ng'ombe. "Mzee alijua kuchagua gari. Breki zake zile zile, na bado zinashika hivi!"

Mwalimu akameza mate, na diski zote pamoja nayo, kisha akazima injini.

"Zile zile, kaka."