Mwasumini Chini ya Theluji

Haya kanihadithia Zainab mwenyewe, Ijumaa iliyopita, nilipokwenda kwake Kilburn, huku ughaibuni, kumtazama, maana yumo katika eda ya mumewe.

Asubuhi moja theluji ililala ua mzima. Mwasumini alioupanda marehemu, uliokuwa ukitambaa ukutani mpaka dirishani, ulibaki kamba tupu nyeusi. Binti yake akatoka na mkasi mkubwa.

"Mama, umekufa huu. Kila ukiutazama unalia. Nauondoa."

"Uache."

"Ukitoka eda nitakununulia mwengine, mzuri kuliko huu."

"Huo mwengine baba yako hakuupanda."

Binti akaufungua mkasi, akaupachika kwenye shina. Zainab akatoka na ndara zake, miguu ndani ya theluji, akatia ukucha chini kabisa ya shina, karibu na mkasi, akakwangua.

Gome jeusi likabanduka. Ndani mlikuwa na kijani, kibichi, chenye maji, kama ganda la ndimu changa.

Wakainama wote wawili. Binti akavua glavu, akakwangua na yeye, taratibu, kama anayeogopa kuuamsha.

"Subhanallah," akasema. "Na baridi yote hii?"

Akavua skafu yake ya sufu, akalifunga shina, mkasi akauacha pale pale kwenye theluji.

Usiku ule binti hakurudi kwake Peckham. Alilala kitandani kwa mamaye, upande uliokuwa mtupu. Zainab akabaki akiutazama ukucha wake, kijani kingalimo, mpaka usingizi ukamchukua.