Biriani ya Sefu

Sheria ilikuwa wazi: aliyehukumiwa kunyongwa hanyongwi mpaka atamke mwenyewe kwamba ameshiba. Kazi ya kumpikia Sefu ilimwangukia Bi Mwanjaa, mpishi wa harusi anayesifika Tanga nzima, na huu ulikuwa mwaka wa saba anampelekea pilau kiduchu gerezani.

“Umeshiba?” askari aliuliza kila mchana, kalamu mkononi.

“Nishibe nini, afande? Mama huyu mchoyo!” Sefu alijibu, na wote watatu wakaangua kicheko.

Siku ya Idi, Bi Mwanjaa alishindwa kujizuia. Alipika biriani, akamjazia sahani pomoni. Sefu alikula, akaramba vidole. Kwa mazoea ya mwenyeji yeyote, mama wa watu akauliza, “Nikuongeze, mwanangu?”

Sefu akafunika sahani kwa kiganja, kama mgeni mwenye adabu zake. Askari akainua kalamu.

“Hajasema kitu huyo!” Bi Mwanjaa akamaka, akaikwapua sahani, akatoka mbio.

Kesho yake jirani alipaza sauti dirishani, “Shoga, wali wako unaungua!”

“Najua,” alisema Bi Mwanjaa, akiuchochea moto. “Uache uungue.”